Barua ya wazi kuhusu sanamu ya Malkia Elisabeth jijini Brussels: mji uliobeba jina lake nao utajwe

Kwa Waheshimiwa wenye dhamana ya sanamu na kumbukumbu za umma,
Brussels, Ubelgiji

Waheshimiwa,

Pokeeni salamu zetu za heshima. Tunawaandikia kwa niaba ya wazaliwa wa Lubumbashi na miji mingine ya Katanga, kusini mwa Kongo, tunaoishi hapa Ubelgiji. Ombi letu, la kuwekwa kibao cha maelezo kando ya sanamu hiyo, tulilileta kwanza kwa njia ya kawaida, bila kelele, kwa barua zenye sahihi na kwa kufika wenyewe ofisini. Ofisi ya kwanza ilisema jambo hili si lake, ni la manispaa. Ya manispaa ikasema ni la jimbo. Kwingine tukaambiwa kwa upole kwamba yanayohusu familia ya kifalme yaulizwe serikali kuu. Hakuna aliyetukatalia, na hakuna aliyetupa jibu. Ndiyo maana leo tunasema hadharani, na tunasema kwa Kiswahili, kwa kuwa watu tunaowasemea walilijua jina la malkia huyu wakiwa na Kiswahili mdomoni: mgodini, kambini, sokoni na kwenye foleni ya mshahara. Nakala za Kifaransa na Kiholanzi mnazo tayari.

Sanamu tunayoizungumzia ni ya Malkia Elisabeth wa Ubelgiji, kazi ya mchongaji René Cliquet, iliyowekwa mwaka 1980 pale Mont des Arts, ikielekeana na sanamu ya mumewe, Mfalme Albert wa Kwanza, aliyepanda farasi, kazi ya Alfred Courtens ya mwaka 1951. Maelfu ya watu hupita hapo kila siku wakitoka Stesheni Kuu kwenda mjini juu. Watoto wetu nao hupita hapo wakienda maktaba. Wakiuliza huyu mama ni nani, hujibiwa kwamba ni malkia muuguzi, malkia wa huruma. Jibu hilo ni kweli. Tatizo letu ni kwamba linaishia hapo.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Kabla ya malalamiko yetu, tunataka haki ya malkia huyu isemwe yote, na isemwe na sisi wenyewe, ili mtu asije akadai tumemwandika kwa chuki. Elisabeth alizaliwa Bavaria mwaka 1876. Baba yake, Karl Theodor, alikuwa mwana wa ukoo wa kifalme aliyeamua kusomea udaktari wa macho, akawatibu hata maskini, na binti yake alikuwa akimsaidia katika kazi hiyo. Vita Kuu ya Kwanza ilipoibana Ubelgiji hadi kikabaki kipande kidogo cha ardhi kando ya bahari, Mfalme na Malkia walibaki upande huo wa nchi. Pale De Panne, mwishoni mwa 1914, hoteli ya ufukweni iliyoitwa L'Océan ikageuzwa hospitali chini ya daktari Antoine Depage, na malkia akawa anaingia wodini kwa majeruhi. Mwaka 1926 jina lake likapewa taasisi ya utafiti wa tiba ambayo ipo hadi leo. Na katika Vita vya Pili, Wajerumani walipoanza kuwakamata Wayahudi nchini Ubelgiji mwaka 1942, aliwatetea kwa wakuu wa utawala wa kijeshi, na kutokana na utetezi wake wapo waliopona. Mwaka 1965, mwaka aliofariki, Yad Vashem, taasisi ya Israel ya kuwakumbuka Wayahudi waliouawa, ilimtambua kuwa mmoja wa Wenye Haki Miongoni mwa Mataifa, heshima wanayopewa wasio Wayahudi waliowaokoa Wayahudi. Mtu wa namna hiyo anastahili sanamu. Hatuombi ing'olewe, hatuombi imwagiwe rangi, na hatuko pamoja na yeyote atakayefanya hivyo akitumia jina letu.

Yafuatayo ndiyo yanayotuuma.

1. Mji wetu haumo.

Elisabeth alianza kuwa malkia tarehe 23 Desemba 1909. Mwaka uliofuata, 1910, utawala wa kikoloni ulianzisha mji mpya kusini mwa Katanga, karibu na mto Lubumbashi, ukauita Elisabethville. Mji huo ulijengwa kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga ilikuwa imeundwa mwaka 1906, na tanuri lake la kuyeyushia shaba hapo Lubumbashi likaanza kazi mwaka 1911. Anayetoka Lubumbashi hahitaji kuelezwa lilipokuwa: dohani lile refu na mlima mweusi wa mabaki ya shaba vinaonekana karibu kila upande wa mji.

Jina la Elisabethville lilidumu hadi 1966. Kwa muda wa zaidi ya miaka hamsini, kila kitambulisho cha kazi, kila kibali cha kusafiri, kila cheti cha mtoto aliyezaliwa pale kilikuwa na jina la mama huyu. Hata mtaa wa Waafrika, ambao leo ni Kamalondo, uliitwa Albert, jina la mumewe. Kati ya mtaa huo na mji wa wazungu paliachwa makusudi eneo tupu la kuwatenganisha watu. Mweusi aliyeonekana upande wa wazungu usiku, saa zilizokatazwa, alikuwa na kesi ya kujibu. Hospitali nazo zilitenganishwa, za Wazungu mbali na za Waafrika. Hebu fikirini, Waheshimiwa: mji wenye jina la malkia muuguzi, na mgonjwa anaulizwa kwanza rangi yake.

Katika mji wa pili kwa ukubwa nchini Kongo, jina la Elisabeth lilikuwa anwani ya nyumbani. Pale Mont des Arts hapana hata mstari mmoja unaomwambia mpita njia jambo hilo.

2. Waliochimba hawana jina popote.

Katanga haikuwa na watu wa kutosha kwa kiu ya shaba iliyokuwapo, kwa hiyo watu waliletwa. Walitoka Maniema, Kasai, Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, na baadaye Rwanda na Burundi. Wengine walikuja kwa hiari wakifuata mshahara. Wengine, hasa miaka ya mwanzo, waliandikishwa kwa nguvu ya machifu waliobanwa na serikali. Nimonia, kuhara damu na homa ya matumbo viliua wengi kambini, kiasi kwamba kampuni yenyewe ililazimika kubadili mpango wake, ikaanza kuruhusu wafanyakazi waje na wake zao na kuwajengea nyumba na zahanati, kwa sababu kuleta watu wapya kila mara wakafa lilikuwa jambo la hasara kwake.

Ni katika kambi hizo babu zetu wa makabila mbalimbali walipoelewana kwa Kiswahili, na Kiswahili hicho ndicho tulichonyonya. Tunalitaja hili kwa fahari. Walioishi chini ya jina la Elisabeth walijenga mji, lugha, muziki, timu za mpira na makanisa. Hawakuwa wagonjwa wa kuhurumiwa tu.

3. Tarehe 9 Desemba 1941.

Hapa tunaomba msome polepole.

Ubelgiji ilikuwa imekaliwa na Wajerumani tangu Mei 1940. Serikali yake ilikuwa London, na kitu kikubwa ilichobaki nacho mkononi ni Kongo. Shaba ya Katanga, kobalti yake, bati lake na urani ya mgodi wa Shinkolobwe vilitakiwa na Mataifa Washirika, na kazi ikaongezwa. Bei za vitu madukani zikapanda, mshahara wa mchimbaji Mwafrika ukabaki mdogo vilevile. Mwanzoni mwa Desemba 1941 wafanyakazi wa Union Minière waligoma katika sehemu kadhaa za Katanga wakidai nyongeza. Huko Elisabethville waligoma na kukusanyika kwenye uwanja wa mpira. Walikuwa wamekwenda kudai mshahara, hawakwenda kupigana. Gavana wa jimbo, Amour Maron, akafika na askari. Msemaji wa wafanyakazi, Léonard Mpoyi, aliuawa hapo. Askari wakaufyatulia risasi umati.

Hesabu ya serikali ilitaja watu 48 waliokufa. Wazee wa Lubumbashi husema walikuwa wengi zaidi, na watafiti waliofuatilia jambo hili nao wanaitilia shaka hesabu hiyo. Miaka ya 1970 wachoraji wa kwetu, Tshibumba Kanda Matulu akiwa mmoja wao, waliyaweka mauaji hayo katika picha zilizotundikwa sebuleni kwa watu wa kawaida. Hivyo ndivyo wengi wetu tulivyoyajua tukiwa watoto, kwa picha ukutani na kwa maneno ya mzee aliyetuonyesha kwa kidole.

Hatumtuhumu Malkia Elisabeth kwa damu ya siku hiyo. Mwaka 1941 alikuwa Laeken chini ya ulinzi wa Wajerumani, hakuwa na amri juu ya gavana wala askari. Tunasema jambo moja tu: watu hao walikufa katika mji uliokuwa na jina lake, wakidai chakula cha watoto wao, mwezi ambao dunia nzima ilikuwa ikiambiwa kwamba Washirika wanapigania uhuru. Ubelgiji inawakumbuka mashujaa wake wa vita ile kwa mashada na minara. Wale wa uwanja wa mpira nao walikufa ndani ya vita hivyohivyo, na shaba waliyochimba ilikwenda upande uleule.

4. Tarehe 17 Januari 1961.

Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, alisafirishwa kwa ndege hadi Elisabethville pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito, wakapigwa, na usiku huohuo wakauawa porini nje ya mji. Mji ulikuwa bado unaitwa hivyo, na mwenye jina alikuwa bado hai. Bunge la Ubelgiji lilichunguza kifo hicho, na mwaka 2001 kamati yake ikahitimisha kwamba baadhi ya mawaziri wa Ubelgiji na Wabelgiji wengine walibeba dhamana ya kimaadili. Mnamo 30 Juni 2018 Brussels ikampa Lumumba uwanja wenye jina lake, pale Porte de Namur, kwenye mlango wa Matonge, mtaa wa Wakongo wa Brussels. Kutoka hapo hadi kwa Malkia Elisabeth ni mwendo mfupi wa miguu. Mtu anaweza kutembea kutoka jina moja hadi lingine bila kujua kwamba historia imeyafunga pamoja.

Waheshimiwa, tunajua yatakayosemwa, kwa kuwa mengine tumeshaambiwa mdomoni.

Tumeambiwa kwamba malkia hakuuchagua mji huo wala hakuwa na mamlaka ya kisiasa. Tunakubali. Lakini jina la mtu likipewa mji kwa heshima yake, kinachofanyika katika mji huo kinakuwa sehemu ya historia ya jina hilo, hata kama mkono wake haukugusa kitu. Sanamu yenyewe inasimama juu ya hoja hiyohiyo: tunamheshimu kwa kazi za wauguzi, madaktari na watafiti wengi waliofanya kazi chini ya jina lake. Haiwezekani jina libebe mema ya wengine na kukataa kubeba kilio cha wengine.

Tumeambiwa pia tukumbuke FOREAMI, ule mfuko wa mwaka 1930 wenye jina lake, ulioanzishwa baada ya yeye na mfalme kuitembelea Kongo mwaka 1928. Tunaukumbuka, na tungependa kibao kiutaje. Mfuko huo ulipeleka madaktari na wauguzi vijijini kupima na kutibu watu, malale ikiwa moja ya magonjwa makubwa waliyoyakabili, na kuna familia zilizopona kwa sababu hiyo. Kazi yake ilianzia Bas-Congo, mbali sana na Katanga. Tena, anayeandika habari za tiba aandike na za ugonjwa. Malale yalisambaa kama yalivyosambaa kwa kuwa watu walihamishwa, walibebeshwa mizigo, walikimbizwa makwao na kazi ya kugema mpira na kodi. Dawa na jeraha viliingia kwa mlango mmoja. Kusema la dawa na kunyamaza kuhusu jeraha ni kumdanganya mtoto anayesoma.

Wapo wanaosema wakati wa mambo haya bado, tusubiri. Tusubiri nini? Ripoti ya wataalamu kuhusu alama za ukoloni katika maeneo ya umma ya Brussels ilikabidhiwa Februari 2022. Mfalme Philippe alieleza majuto yake kwa maandishi tarehe 30 Juni 2020, na Juni 2022 akafika Kongo mwenyewe, akasimama Lubumbashi mbele ya wanafunzi wa chuo kikuu. Mwaka 2019 waziri mkuu Charles Michel aliwaomba radhi bungeni watoto waliozaliwa na baba Wazungu na mama Waafrika, waliotengwa na mama zao na kulelewa katika misheni. Na Desemba 2024 mahakama ya rufaa ya Brussels ikaamua kwamba waliyotendewa wanawake watano miongoni mwao yalikuwa uhalifu dhidi ya ubinadamu. Mfalme amesema, waziri mkuu amesema, mahakama imesema. Kibao cha maandishi mtaani hakiwezi kuwa kizito kuliko hayo.

Fedha hatutaki kuijadili kwa kirefu. Kibao kimoja ni kitu kidogo kwa jiji kama hili, na tukiambiwa hakuna, tutachanga.

Jambo la mwisho ambalo husemwa kwa sauti ya chini ni kwamba tunataka kuwaharibia Wabelgiji mtu wao mwema. Hili ndilo linalotusikitisha kuliko yote, maana sisi nasi tunampenda mwanamke yule wa De Panne. Wengi wetu hapa ni wauguzi na walezi. Tunawaosha na kuwalisha wazee wa nchi hii katika nyumba za kutunzia wazee, usiku na sikukuu. Uuguzi tunaujua, na tunajua kwamba muuguzi mzuri hafichi kidonda ili kitanda kionekane nadhifu. Kama Elisabeth alikuwa kama asemwavyo, na tunaamini alikuwa hivyo, heshima yake haitapungua kwa kutajwa watu walioishi na kufa chini ya jina lake.

Basi ombi letu ni hili:

Kwanza, kiwekwe kibao kando ya sanamu, kwa Kifaransa, Kiholanzi na Kiswahili, kitakachotaja kazi zake za huruma zote, Kongo ikiwemo, na kitakachosema wazi kwamba kuanzia 1910 hadi 1966 mji wa Lubumbashi ulibeba jina lake. Kwamba ulikuwa mji wa shaba uliogawanywa kwa rangi. Na kwamba tarehe 9 Desemba 1941 wafanyakazi waliogoma waliuawa hapo kwa risasi. Jina la Léonard Mpoyi liandikwe.

Pili, maandishi hayo yasiandikwe Brussels peke yake. Lubumbashi ina chuo kikuu chenye wanahistoria, ina jumba la makumbusho la taifa, na bado ina familia zinazosimulia kambi zile. Waulizwe wao, na neno lao liwe na uzito mezani.

Tatu, itajwe ofisi moja, na ndani yake mtu mmoja, mwenye jukumu la kutujibu. Hatutaki kurushwa tena kutoka mlango hadi mlango.

Nne, wakati kibao kikingojewa, turuhusiwe kila tarehe 9 Desemba kukusanyika hapo kwa saa moja, kwa utulivu, na kuweka shada chini ya sanamu.

Tunaomba jibu la maandishi kabla ya tarehe 9 Desemba ijayo. Likija, tutalisoma hadharani kama tulivyoisoma barua hii, liwe la kukubali au la kukataa. Lisipokuja, siku hiyo tutaleta shada letu na kusimama kando ya barabara, sehemu ambayo haihitaji kibali cha mtu.

Wenu kwa heshima,

Mzaliwa wa Kamalondo, mkazi wa Ixelles,
kwa niaba ya wenzangu wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi waishio Ubelgiji